Siku niliyofukuza wakwe wa Masika

Aibu hii niliapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Mususa, hapa Butembo, wanaisimulia (na kuitia chumvi), afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Nilitaka kwenda Kinshasa kusomea théâtre. Mama akashika kichwa, papa akazima redio, na papa akizima redio ujue mambo ni mabaya, basi nikakimbilia kuwatuliza: jukwaa likinishinda nitafundisha, kufundisha kukinishinda nitafuga sungura, na isitoshe mtu wa jukwaa anaweza kusemea familia kwenye sherehe yoyote.

Hapo papa akachangamka. "Donc siku ya mahari ya Masika, ni wewe utasemea sisi. Ukiweza, unaenda."

Masika ni dada yangu mkubwa, na wakwe walikuwa wanatoka Beni na mbuzi wao. Kwetu msemaji wa upande wa binti hukataa kidogo, wakwe wanabembeleza, watu wanacheka, tunakula. Kidogo! Lakini nilipoona watu wamejaa uani (mpangaji wetu ananirekodi kwa simu), kichwa kikavimba. Mbuzi wale wamezoea joto la Beni, baridi ya Butembo ikawa inawakohoza, mimi nikatupa kofia chini, nikamwaga machozi, nikapiga kelele: "Masika yetu kwa mbuzi zenye kukohola? Hapana! Murudie kwenu!"

Mjomba wa bwana arusi akasimama, akafunga koti. "Tumesikia. Bandugu, tupandishe mbuzi mu camion."

Nikadhani naye anaigiza. Nikampigia makofi! Mpaka niliposikia gari linanguruma.

Tukalikimbilia, mimi mbele nimevaa suti ya papa, Masika nyuma na viatu mkononi, analia, na kilio kile kiliniuma kweli, maana anampenda yule kijana. Tukalikuta limekwama kwenye mlima. Nikapiga magoti matopeni, nikaomba msamaha huku nikilia.

Mjomba akainama dirishani. "Huyu analia kweli, ao ni théâtre tena?"

"Ni kweli, papa," Masika akamjibu mjomba. "Akiigiza analia muzuri kuliko hivi."

Wakacheka mpaka dereva, wakarudi, tukala.

Jioni papa akaniita. "Ulishindwa. Mais camion muzima ya batu iliamini wewe. Wende."

Basi naenda. Ila nimeapa kwenye mahari za watu nitakula tu, hata salamu sisemi. Na jana nilipomuaga mama, machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, akaniambia: "Acha kwanza, Kambale, utamaliza yote kabla ya kufika Kinshasa."