Kuku wa Kupeleka Jangwani

Harufu ya kuku anayebabuliwa hunikamata popote inaponikuta. Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya hoteli moja ndogo pale sokoni Kakamega. Mpishi alikuwa amemshika jogoo miguu, akimgeuzageuza juu ya moto ili vinyoya vilivyobaki baada ya kumnyonyoa viungue. Nikasimama pale kama mlingoti. Mama mmoja wa mboga akaniuliza kama nina njaa. Sikuwa na njaa, ndugu zangu. Nilikuwa na aibu, ile ya zamani, ambayo hupanda kutoka tumboni na kuja kukaa masikioni.

Tulieni niwaeleze ilikotoka.

Nimezaliwa Lumakanda, huko Lugari, ambako ukisahau mbegu ya mahindi mfukoni asubuhi, jioni unavua suruali ikiwa na majani. Mwaka ninaousimulia, mvua ilitupenda kupita kiasi. Maghala yalijaa, tukapanga magunia sebuleni, tukayapanga chini ya vitanda, na mimi nililala juu ya magunia nikiwa karibu kulamba mabati. Mzee Shadraki, mzee wa kanisa letu, akasimama Jumapili moja na kusema haifai sisi tushibe mpaka tuchoke huku wengine wakitazama mbingu kavu. Ikaamuliwa lori moja la mahindi lipelekwe Kalacha, kwenye oasisi iliyo pembeni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini kabisa. Huko ndiko nyumbani kwa Mwalimu Guyo, aliyekuwa akitufundisha na kusali pamoja nasi. Yeye akaongeza kwamba watoto wachache wa kwaya wangeweza kuandamana na lori, wawaimbie wenyeji jioni, walale usiku mmoja, asubuhi wageuze.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya, na sauti yangu siku hizo ilikuwa ikipasua vikombe. Nilichaguliwa.

"Safari ya siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, kwa sababu ya kulala usiku mmoja," Baba alisema alipopata habari. "Hata nzige hupanga vizuri zaidi."

Lakini sisi watoto tulikuwa tumeshafika huko kwa vichwa. Mwalimu Guyo alituchorea ubaoni mikoma, miti jamaa ya mnazi, iliyosimama kwenye maji yanayotoka ardhini bila mto wala mvua, na kuizunguka yote, uwanja mweupe wa chumvi ambao ukiutazama mchana unaona ziwa ambalo halipo. Alituambia tubebe leso za kujifunika uso upepo ukivuma, tusibebe magodoro, kwa maana tungelala nje juu ya mikeka. Siku hiyohiyo niliwatangazia wasichana wenzangu kisimani kwamba nitapanda ngamia, na kwamba ngamia akiinamia bwawa haachi hata tope. Kwa wiki nzima sikutembea, nilikuwa nikipepea.

Wamama wa kanisa nao walikuwa na mipango yao. Mkono mtupu haulambwi, walisema, na mahindi si zawadi, mahindi ni msaada. Zawadi ni kuku. Huku kwetu unaweza kumchinjia mgeni fahali mzima, na akifika kwao atasema hakupewa kitu, kwa sababu hakuona kuku. Kwa hivyo kila nyumba ilitoa jogoo, wakubwa, wenye vilemba vyekundu, na wote wakaletwa jikoni kwa Kukhu, mamake Baba, aliyekuwa akiishi nasi. Hakuna mtu Lumakanda aliyejua kuku kama yeye. Alimgusa kuku kifuani mara moja akakuambia atatosha watu wangapi. Mzee Shadraki akasuka tenga kubwa la kuwasafirishia. Majogoo wale wakiwika alfajiri, naapa, watu wa Turbo walikuwa wakiamka wakidhani ni wa kwao.

Kila mara Mwalimu Guyo alipopewa habari za kuku walioongezeka, alisema, "Asanteni sana," kisha akatazama viatu vyake. Tulidhani ni unyenyekevu.

Zilipobaki siku chache, Baba akaanza kusitasita. Mimi ni mtoto wa kike, jangwa ni jangwa, na Mwalimu hajaonja hata maji ya nyumba yetu. "Aje Jumapili, ale," Baba akasema. "Mtu ukimtazama akila, unamjua. Ndipo nitaamua kama ninaweza kumpa mtoto wangu." Kwa hiyo safari yangu yote, na ngamia, na lile ziwa lisilokuwepo, vikawa vimening'inia kwenye mdomo wa Mwalimu Guyo.

Wageni walikuja baada ya ibada: Mwalimu, Mzee Shadraki, na Mama Rispa, kiongozi wa wamama. Nilinawisha mikono ya wote nikiwa nimepiga goti vizuri kuliko siku zote. Kukhu alikuwa amechinja jogoo wake mwenyewe, akampika polepole tangu asubuhi, na mchuzi ulikuwa na macho ya mafuta yaliyokuwa yakinitazama. Ugali wa wimbi ulipanda mezani kama Mlima Elgon. Kisha Baba akachukua firigisi, ile tunayoiita imondo, ambayo huwa ni ya mwenye nyumba na haiguswi na mwingine, akaiweka kwenye sahani ya Mwalimu. Baba hakuwahi kumpa mtu firigisi yake. Hata mjomba alipotoka ng'ambo hakuipata.

Tukaomba, tukaanza. Mwalimu Guyo alimega ugali. Akachovya kwenye mboga. Akamega tena, akachovya tena kwenye mboga. Firigisi ilikaa pale pembeni, na paja la kuku karibu yake, na mkono wake ukawa unavizunguka kama mtu anayepita nje ya nyumba yenye mbwa.

"Mwalimu, karibu kuku," Mama akasema.

"Nimekaribia, Mama."

"Labda chumvi imepungua?"

"Hapana, Mama. Ni vile nimeshiba."

Alikuwa amekula matonge ambayo hayangemshibisha kifaranga. Baba akaacha kutafuna. Mama Rispa akajifuta mdomo, akasema bila kumtazama mtu, "Ama Mwalimu ameambiwa kitu kuhusu vyakula vya hapa."

Nyinyi ambao si wa huku mwelewe jambo moja. Mtu akikataa chakula nyumbani kwako mbele za watu, anasema bila kufungua mdomo kwamba anaogopa kilichotiwa ndani. Na Kukhu alikuwa amezika mume, kisha akazika wanawe wawili waliomfuata Baba. Kijijini, mtu akizika sana, majirani huanza kumtafutia sababu. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa zikimwalika. Nilijua hayo kama watoto wanavyojua mambo, kwa kusikia watu wakinyamaza. Kwa hiyo maneno ya Mama Rispa yalipotua mezani, uso wangu uliwaka mpaka ungeweza kukaangia mayai. Niliona aibu kwa ajili ya Kukhu. Halafu, na hili lilikuwa chungu zaidi, nikamwonea Kukhu mwenyewe aibu. Nikatamani angekuwa nyanya wa mtu mwingine, walau mpaka lori liondoke.

Mwalimu Guyo alisukuma kiti nyuma kidogo.

"Wazazi wangu, nisameheni," akasema. "Kuku hana neno, na nyumba hii haina neno. Ni mimi. Kwetu ndege haliwi. Mama yangu akiniona nimetia kuku mdomoni atadhani nimerukwa na akili. Nimejaribu kujizoeza tangu nije huku. Mkono unafika, koo linakataa."

"Hujawahi kula kuku?" Baba akauliza.

"Sijawahi."

"Hata mayai?"

"Hata mayai."

Mzee Shadraki alimtazama kama anayetazama maiti ikizungumza. "Na hawa tuliokusanya?"

"Hilo ndilo limekuwa likininyima usingizi, Mzee. Kila siku nasema nitasema kesho, na kesho nakuta mmeongeza wengine. Mkiwapeleka, watu wetu watawapokea kwa mikono miwili na kuwashukuru. Kisha watawafungulia waende zao. Na jua la kule si jua la kuku."

Basi watu wakacheka. Hofu ilikuwa imetoka na kicheko kikaingia kwa mlango uleule. "Mtu mzima, mwalimu kabisa, hajui kuku," Mzee Shadraki akasema, akijipiga paja. "Sasa kwenu siku ya Krismasi mnatafunanga mawe?" Mama Rispa alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sauti ile ya kupasua vikombe, kwa sababu ngamia wangu alikuwa amefufuka. Mwalimu alitabasamu huku akitazama viatu vyake, na sasa hata mtoto angeona kwamba hayakuwa mambo ya unyenyekevu.

Kukhu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mchuzi wa kuongeza. Hakuwa akikaa mezani na wageni.

"Muacheni huyo kijana," akasema. "Hata mimi sijawahi."

"Hujawahi nini, Mayi?" Baba akamuuliza mamake, bado anacheka.

"Kula kuku."

"Aa, wewe ni tofauti. Wewe hupendi."

"Nani alikwambia sipendi?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza saa. "Nilikatazwa nikiwa kama huyu," akaninyooshea kidole. "Kuku alikuwa wa wanaume. Mama yangu pia alikatazwa. Nikaolewa huku, nikakuta wanakataza pia. Baadaye nikaona wasichana wanakula, wake wa watoto wangu wanakula, nikajua mambo yamebadilika. Lakini hakuna mtu alikuja kuniambia mimi."

Mama Rispa alikuwa ameshika paja la kuku katikati ya sahani na mdomo, na hakujua alipeleke wapi. Baba aliinuka. Akachukua ile firigisi kutoka sahani ya Mwalimu, akaiweka kwenye kisahani safi, akamshikia mamake kwa mikono miwili. Mikono hiyo nilikuwa nimezoea kuiona ikibeba gunia la mahindi kama mto wa kulalia. Sasa ilikuwa imebeba kisahani.

Kukhu aliitazama firigisi.

"Nikule saa hii, mbele ya watu, na meno yamekwisha?" akasema. "Weka chini, mwanangu. Mwongezee Mwalimu mboga."

Kisha akaja, akavuta kiti, akakaa mezani. Akamuuliza Mwalimu Guyo, "Wamama wa kwenu wanapendanga nini?"

"Chai, Mama. Yenye sukari nyingi."

"Basi mtabeba sukari na majani ya chai. Kila mtu atakuja kuchukua jogoo wake. Na huyu mtoto atalala kwa nani?"

"Kwa mama yangu mzazi, mkeka mmoja na dada zangu."

"Ataenda," Kukhu akasema, na Baba, ambaye alikuwa ameitisha chakula kile ili aamue, akaanza kumwongezea Mwalimu mboga.

Kuku walirudishwa, na ilikuwa vita, kwa maana kila mama alidai yule jogoo mkubwa kuliko wote ndiye wake. Nasi tukaenda Kalacha. Lori lilitutikisa mpaka nikashuka nikiwa mfupi kuliko nilivyopanda. Mikoma ilikuwepo, na maji yalikuwepo. Ngamia aliniangalia mara moja akageuka, nami nikakata shauri kwamba kumpanda si lazima. Jioni mamake Mwalimu alinipa kikombe cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Nilinywa kidogo, koo likakataa. Nilikishika kikombe nikingoja waulize, wacheke, waitane. Yule mama alikichukua taratibu, akakinywa mwenyewe, akaniletea chai ya sukari yetu. Kisha akaendelea na mazungumzo yake. Nililala chini ya nyota nyingi kuliko mahindi yote ya Lugari, na masikio yangu yalikuwa ya moto.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma shule ya jioni, mwalimu wa jiografia aliuliza nani amewahi kuona oasisi. Niliinua mkono kwa majivuno, nikaeleza chemchemi na chumvi na upepo, darasa likanipigia makofi. Nilipokaa chini ndipo ikanijia, bila mtu kuuliza, picha ya Kukhu jikoni. Alikuwa ameshaondoka duniani wakati huo. Hakuwahi kula kuku hata baada ya Jumapili ile. Baba alijaribu mara nyingi, naye alisema tumbo lake limezeeka na desturi zake.

Nilikumbuka kwamba kila alipopika kuku, tangu nilipoanza kusimama vizuri, aliniita niache kucheza. Alichota mchuzi kidogo kwa mwiko, akaupuliza, akanidondoshea kiganjani nionje. Nilidhani ananipendelea kuliko wajukuu wengine, na nilijivunia jambo hilo sana. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akanitazama mdomo nikilamba, akaniuliza, "Ikoje?"

Nami nilisema, "Imekolea," kisha nikakimbia nje.