Ujumbe Uliokwisha Kufikishwa

Msimu ule ubao mpya wa simu ulipoletwa posta, mvua zilikuwa zimechelewa na vumbi lilitanda hata juu ya bahasha. Wanaume waliupandisha ghorofani kwa kamba, wakihema, na nyuma yao akapanda msichana mwembamba aliyetoka karibuni shule ya masista, viatu vimeng'arishwa, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Huyo ndiye aliyekuja kuwa opereta wetu. Sisi wa chumba cha vifurushi tulimpachika jina la Bi Subiri kabla mwezi haujaisha, kwa kuwa ndilo neno tulilomsikia akilisema kutwa: "Subiri, nakuunganisha."

Vijana wa leo hawaijui kazi ile. Mtu aliyetaka kuzungumza na mtu wa mji mwingine alipiga kwanza posta. Taa ndogo ikawaka ubaoni. Opereta akachomeka waya katika tundu, akauliza namba, akachomeka waya wa pili katika tundu la anayetafutwa, na hapo watu wawili wakakutana. Yeye alikaa katikati yao, vyombo vya kusikilizia vikiwa masikioni. Angeweza kusikia kila kitu: posa, magonjwa, fitina za maofisa. Ndiyo maana msimamizi wake, mama mmoja mkali wa miwani, alimpa sheria siku ya kwanza na akairudia hadi ikamkaa mifupani: ujumbe ukishafika, haukuhusu tena. Usiurudie, usiuweke, usiukumbuke.

Basi akajifunza kusahau, kama wengine wanavyojifunza kushona. Tulikuwa tukimtania.

"Bi Subiri, meneja kamwambia nini mkewe leo?"

"Meneja yupi?"

"Si huyo uliyemuunganisha sasa hivi!"

"Mimi nimeunganisha waya. Ya meneja kamuulize meneja."

Wala hakuwa akificha. Maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka. Mtu akipiga na kumkosa mwenziwe, alimwachia yeye ujumbe. Naye aliufikisha neno kwa neno, akasubiri aitikiwe, kisha akaupangusa kichwani kama mwalimu apangusavyo ubao wa darasa. Hakuna siri ya mji iliyowahi kuvujia kwake. Aliolewa na dereva wa gari la posta, akazaa mwana wa kiume, na baada ya miaka mingi, walipokuwa wamekwisha kukata tamaa, akazaa binti. Mume alifariki mapema. Mitambo mipya ilipokuja, ubao uling'olewa ukatupwa uani, mvua zikaunyeshea, naye akastaafu.

Huyo binti, kitinda mimba wake, ndiye aliyemletea simu ya kioo cha kupangusa, wiki aliyokuwa akijiandaa kwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani.

"Mama, bonyeza hapa, halafu sema."

Bi Subiri akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo. "Namba, tafadhali?"

"Mama jamani! Namba ya nini? Ni mimi, niko mbele yako!"

Walicheka hadi majirani tukatoka kuchungulia.

Binti alipofika alikokwenda, akawa anatuma ujumbe wa sauti. Mama yake aliusikiliza akiwa amesimama dirishani, mahali ambapo mtandao ulikuwa mzuri, kichwa kimeinama upande. Ukiisha, akajibu, akishajibu, akaufuta.

"Mama, ule wa juzi bado unao? Nilikutajia vipimo vya gauni."

"Nimeufuta."

"Umeufuta? Kwa nini sasa?"

"Nimekwisha kuusikia."

"Lakini simu inaweka yenyewe, mama. Haikuombi chakula!"

"Maneno ya mtu hayawekwi, mwanangu. Yakiwekwa, kesho yatamfikia asiyehusika."

Kioo kilipomuuliza kama anataka nakala za mazungumzo yake zihifadhiwe, aliuliza ni nani anayekaa huko zinakohifadhiwa. Akabonyeza hapana.

Baada ya miezi kadhaa sauti ya binti ilianza kuwa ndogo, na ujumbe kuadimika. Anwani aliyotuachia wakala aliyempeleka ilikuwa ya uongo. Kaka mtu alikuwa ameandika barua kule na zikarudi. Kaka huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Alimwambia mama yake, "Akitaja tu mahali anapokaa, nipigie palepale. Tukijua alipo, tunaweza kumrudisha."

Ujumbe ulikuja mchana mmoja wa jua kali. Binti alisema kwa haraka, kwa mnong'ono, kwamba kesho anahamishiwa nyumba nyingine katika mji mwingine na kwamba simu yake itachukuliwa. Alitaja jina la mji. Alitaja jina la mwenye nyumba. Akasema, "Mwambie kaka." Bi Subiri hakupoteza hata dakika. Alimpigia mwanawe.

"Shikamoo mama!" Nyuma yake mashine ya kukatia vyuma ilikuwa ikilia.

"Marahaba. Nina ujumbe wako kutoka kwa mdogo wako. Sikiliza vizuri."

Akampa wote, polepole, kwa ile sauti ya ubaoni: mji, halafu jina, halafu mji tena.

"Sawa mama, sawa!" kijana akapiga kelele, na simu ikakatika.

Alikuwa ameitikiwa. Bi Subiri alikishusha kidole juu ya kioo, akaufuta, akarudi kwenye mboga zake alizokuwa akichambua.

Jioni mwanawe alikuja mwenyewe, nguo bado zina harufu ya moshi wa kuchomelea. Nilikuwa nimekaa barazani kwao, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Haya mama, hebu niwekee ule ujumbe nisikilize."

"Si nilikwisha kukupa?"

"Mchana? Mashine ilikuwa inalia, mteja kanisimamia kichwani. Sikuambulia hata neno moja."

"Ukaitika."

"Niliitika ili nikate, nije huku! Nilijua upo kwenye simu."

Kijana akaichukua simu mezani, akapangusa juu, akapangusa chini.

"Mama. Mji gani?"

Alifumba macho. Nikaona midomo yake ikicheza, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kitasa cha mlango.

"Lilikuwa jina refu," akasema.

"Refu vipi?"

"Refu."

"Linaanza na nini? Mama, lilianza na herufi gani?"

Akafungua macho. Sijamwona mtu mwingine akiogopa namna ile ndani ya nyumba yake mwenyewe. Maneno yaliyopita kwake mchana yalikuwa yamekwenda kule yalikokwenda maneno ya meneja na ya mji mzima, wala hakujua njia ya kuyarudisha, maana hakuna aliyewahi kumfundisha hiyo.

Walipiga namba ya binti. Haikupatikana. Walikwenda ofisi inayoshughulikia watu walioko nje. Karani aliwapokea kwa adabu, akawapa viti, akasema, "Bila mji wala jina la mwajiri, mama yangu, tutabisha mlango upi?" Walikwenda kwa fundi simu, naye akaifungua simu ile, akaiunganisha na kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Kama ungekubali nakala zihifadhiwe, tungeutafuta huko. Hapa haumo."

Wakiwa njiani kurudi, mwanawe alimwambia neno ambalo nadhani hadi leo anatamani kulimeza. "Siri za mji mzima umezitunza, mama. Mwanao amekuomba umtunzie jina moja."

"Sikuzitunza," alijibu. "Sikuwahi kuzitunza."

Ukapita muda mrefu kijana hakukanyaga pale.

Tangu siku hiyo Bi Subiri hakufuta kitu. Salamu za asubuhi zenye picha za maua, tangazo la muuza magodoro, ratiba ya mazoezi ya kwaya, ujumbe wa mtu aliyekosea namba akimgombeza fundi wake wa bomba, vyote vilibaki. Alikuja kwangu akinitaka nimtumie sauti, hata kama sina la kusema. Nami nikamsomea bei za sokoni. Tukasubiri. Mwaka ukaisha na mwingine ukaanza, na kule ng'ambo kimya.

Kisha simu ikajaa. Kioo kilimwonya kila alipokigusa. Mwanawe, ambaye alikuwa ameanza tena kuja, akamweleza bila kuinua sauti.

"Mama, ikishajaa hivi, hata akituma ujumbe leo, hautafunguka. Inabidi tufute."

Alidhani atabishana naye. Lakini hilo Bi Subiri alilielewa upesi kuliko sote.

"Laini zimejaa," akasema. "Matundu yote yana waya, na mtu anapiga."

"Ndiyo hivyo. Nipe nikufutie."

"Hapana. Nitafuta mwenyewe."

Akafuta kwa namna yake. Kila ujumbe aliusikiliza hadi mwisho, akausikiliza tena, akaurudia kwa sauti mbele ya dirisha, ndipo akauondoa.

"Hata wa magodoro?" nilimuuliza siku moja, nikijaribu kumchekesha.

"Hata huo mtu aliusema," akajibu, na hakucheka.

Kazi hiyo ilimla mchana wake wote. Alikonda. Miguu ikavimba, akawa hatoki tena nje, kiti chake kikahamia dirishani moja kwa moja. Mwanawe alimkuta hapo adhuhuri moja, kichwa kimeinama upande, amekwisha kufariki. Binti hajapatikana hadi ninapoandika haya.

Asubuhi ya siku hiyo muuza mkate alipita kama kawaida, akamsalimu kutoka nje. Anasema Bi Subiri alimnyooshea mkono asubiri, kwa kuwa alikuwa akisikiliza salamu zangu za bei za sokoni. Alizisikiliza mara mbili. Alizirudia kwa sauti, bei moja baada ya nyingine, akazifuta, akachomeka waya wa chaji, akailaza simu juu ya kizingiti cha dirisha, kioo kikitazama juu.