Mkutano Mkuu wa Msimu wa Ndege

Tangu Paskazia aanze kuuongoza Umoja wa Wajane, mkutano mkuu ulikuwa ukifanyika baada ya mavuno. Hakuna aliyeliandika hilo popote. Kila mtu wa bonde alijua kwamba mpunga ukianza kujaza punje, wenye mashamba huhamia Lupiro, ng'ambo ya mto, wakashinda juu ya madungu wakifukuza ndege.

Ndipo akaalikwa kwenye kongamano la uongozi bora wa asasi, Ifakara mjini. Mwezeshaji, Edward, aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akasema kwa adabu, "Mama zangu, katiba haisubiri mavuno. Muhula wa bodi ukiisha, umeisha."

Gosbert, katibu wa Umoja, alipiga makofi kuliko wote. "Umesikia, Mama Mwenyekiti? Tusije tukaitwa asasi ya mfukoni!"

Paskazia, aliyelelewa na masista kuitii kengele, aliona haya. Akaitisha mkutano kwa tarehe ya katiba.

Siku hiyo ukumbi wa Viwanja Sitini, pale mjini, ulinukia manukato. Viti vilijaa wanachama wapya walioandikishwa na Gosbert, watu wa maduka, akidi ikatimia. Paskazia alimtafuta kwa macho Luciana, mwanzilishi mwenzake, asimwone. Gosbert akachaguliwa mwenyekiti, na papo hapo akaleta hoja: nyumba ya Umoja, wanamojihifadhi wajane waliofukuzwa na ndugu za marehemu, iuzwe.

"Tuahirishe," Paskazia alisema. "Wenye nyumba hawapo."

"Mama, umri wako tunauheshimu," Gosbert alijibu kwa upole uliomtia baridi. "Lakini anayeahirisha ni mwenyekiti."

Mikono ikanyooshwa.

Kesho yake Paskazia alivuka mto kwa bodaboda. Ndege walikuwa wametanda juu ya mpunga kama moshi. Luciana, juu ya dungu, alikuwa akivuta kamba za makopo.

"Karibu, mwali wa masista! Umechoshwa na viti vya mjini? Panda, ndege hawa hawajali cheo!"

Paskazia alishika ngazi, asipande.

"Binti yangu naye wamemfukuza kwa marehemu mumewe," Luciana aliendelea. "Nimempeleka kwenye nyumba yetu na wanawe. Paa linavuja, lakini nimemwambia avumilie, tutaliezeka tukikutana mkutanoni baada ya mavuno."

"Shuka, Luciana. Uache mpunga."

"Niuache kwa nani?" Luciana aliuliza, angali anacheka, kwa kuwa jua lilimzuia kuuona uso wa mwenzake.