Shell Iliyonikisia Amri
Miaka ile ya dhahabu nilikuwa nimepanga chumba Turwa, nikiandika programu ya kikundi cha wachimbaji wadogo wa Nyangoto. Kazi yake ilikuwa moja: kila anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, jina lake liingizwe, akipanda, litolewe. Siku mbili kwa wiki nilikwenda kukaa kwenye ofisi yao ya mabati, kompyuta yenyewe ilipokuwa.

Niliiendesha kwa shell, lile dirisha jeusi unaloandikia amri kwa maneno badala ya kubofya picha. Nilitumia ile ya kawaida inayokuja na mashine. Rafiki yangu wa Sirari, mwandishi wa programu kama mimi, alinicheka.

"Wacha kujitesa na hiyo ya kizamani. Hii yangu inajua unachotaka kabla hujamaliza kuandika."

Nikaiweka. Ukiandika herufi mbili, ilikuletea kwa rangi ya kijivu amri uliyowahi kuitumia. Unabonyeza mshale, unaendelea. Jumatatu moja asubuhi nilitaka kufuta faili za majaribio. Herufi mbili, mshale, Enter, macho yangu yakiwa nje kwenye mawingu. Nilipoyarudisha, niliona iliyotekelezwa ni amri ya zamani, ile niliyofutia orodha nzima kabla kikundi hakijaanza kutumia programu.

Majina ya asubuhi ile hayakuwepo. Nikatafuta kila mahali kwenye mashine. Mvua ikaanza kupiga bati. Haikupita nusu saa akaingia msimamizi wa maduara, mzee wa Nyanungu, ameloa chapachapa.

"Shikamoo mzee."

"Maji yameingia duara la tatu. Wanapanda. Walishuka wangapi, binti?"

Nilifikiria kutaja namba yoyote.

"Sijui, mzee. Nimefuta orodha."

Alinitazama, kisha akatoka mbio. Nikamfuata kwenye tope. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la mama aliyekuwa akichaji simu hatua chache kutoka mashimoni, maana hakuna aliyeshuka na simu yake; kila mmoja aliiacha hapo kwanza.

"Za duara la tatu," akasema.

Mama akazipanga mezani. Tisa. Mdomoni mwa shimo walikuwa wamesimama saba.

Tukangoja. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza. Wa nane akatoka. Kwa wa tisa sikuweza kuangalia shimo. Niliangalia simu mezani. Moja ikaanza kuita, kwenye kioo pameandikwa "Mama". Hakuna aliyethubutu kuipokea. Iliita mpaka ikakatika, ndipo nikasikia mtu anakohoa matope, na watu wakipiga kelele kwamba ametoka.

Nilirudisha shell ya kawaida siku ileile, isiyonikisia chochote. Rafiki yangu alisema kosa lilikuwa langu, si la shell, na nilimkubalia. Yule mzee naye aliagiza daftari na kalamu viwekwe kwenye kila duara.