Mwiko wa Chumvi

Watu wanaopenda kusema kwamba mwili haudanganyi, mie huwa nawakatiza. Haudanganyi, sawa. Lakini wanaousikiliza ni sisi, na sisi husikia tunachotaka kusikia. Dada yangu alikufa Mtoni kwa sababu hiyo, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, ndani ya nyumba ya mumewe, akiwa katikati ya watu waliompenda. Nasema walimpenda, na hilo ndilo linalonichefua mpaka leo.

Mie nilikuwa nimeachwa na mume wangu wa kwanza, na kwa kuwa wazazi wetu walikwishatangulia mbele ya haki, nikahamia kwa dada. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, si mbali na barabara ya Kilwa, vyumba vitatu. Kimoja chao yeye na shemeji, kimoja cha mama mkwe wake, na kimoja nililala mie pamoja na nazi. Shemeji alikuwa akipakua mizigo bandarini, mtu wa maneno machache, na aliporudi jioni alikuwa hana hata hayo machache. Mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake.

Dada hakuwa amezaa. Wenzake aliochezwa nao unyago walikuwa na watoto wa kutumwa dukani, na yeye ndoa inazeeka tumbo li kimya. Mama mkwe hakumtukana hata siku moja, namtolea ushahidi. Alikuwa akiomba dua uani, kwa sauti, Mungu amwoneshe mjukuu kabla yeye hajafukiwa. Dada alikuwa akisikia dua ile huku anapepeta mchele, na nilikuwa naona mikono yake inavyopunguza mwendo. Afadhali angetukanwa.

Mambo yalianza wakati wa embe. Embe bichi kwa chumvi hula kila mtu, lakini yeye aliacha embe akabaki na chumvi. Alikuwa akiitwanga ile ya mawe, anaimimina kiganjani, anailamba polepole macho kayafumba. Maji tuliyorowekea ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, ambayo mtu mwingine huyamwaga akishika pua, yeye aliyanywa. Asubuhi akawa anatapika. Siku zake zikakatika. Akiinuka ghafla anaona giza, anashika ukuta. Na rangi yake ikaanza kuiva, weusi ambao haukuwa wa jua, vifundo vya vidole, ufizi, mpaka mistari ya viganja ikawa myeusi kana kwamba piko alilochorwa siku ya harusi limekataa kutoka.

Sasa mwulize mwanamke yeyote wa pwani, umpe habari hizo moja moja, uone atakujibu nini. Mama mkwe alipiga vigelegele peke yake uani hadi majirani wakaja kuuliza. Shemeji alinunua doti ya kanga, akaiweka kitandani, akatoka. Walisema weusi ule ni dalili ya mtoto wa kiume. Dada akawa anacheka ovyo, hata akiwa ameinamia beseni anatapika anacheka. Nilifurahi na mie, tena sana, kwa sababu tangu utotoni sikuwahi kumwona dada yangu akijivuna.

Ila tumbo halikuja. Embe zikaisha, mvua za masika zikaanza kunyesha, na dada anakonda. Kanga iliyokuwa inamzunguka mara moja ikawa inamzunguka karibu mara mbili. Kulikuwa na jambo jingine, nililiona bila kulijua jina. Alikuwa hawezi tena kustahimili mshtuko. Sufuria ikianguka jikoni, sie tunaruka kisha tunacheka, yeye anatetemeka, jasho linamtoka, analala mchana kutwa. Siku moja majirani walipigana, mke na mume, ugomvi wa kila wiki, na dada ambaye hakuhusika hata kidogo alitapika mpaka jua likazama. Nilimwambia mama mkwe kwamba mimba haifanyi hivi. Akaniuliza mie nimezaa wangapi.

Mwishowe akaitwa somo yake dada, yule mama aliyemfunda alipokuwa mwali. Alikuja na bakora na ushungi mweupe, akamlaza dada kifudifudi, akampapasa mgongo kuanzia shingoni mpaka kiunoni, polepole. Kisha akakaa kitako.

"Mtoto yupo," alisema. "Amehamia mgongoni, amelala huko. Hii michumvi yenu ndiyo iliyomkimbiza."

Dawa yake ilikuwa kumrudisha dada uwali. Kwetu mwali akiwekwa ndani hali chumvi. Uji wake mweupe, mboga yake ya maji matupu, mpaka siku ya kutolewa, ndipo huwekewa chumvi ulimini na kina mama wakashangilia. Basi dada atawekwa ndani vilevile, asile chumvi, asione jua, na siku mtoto atakapogeuka na kucheza tumboni, ataonjeshwa. Nilimsikiliza somo nikaona neno lake lina maana kabisa. Lingekuwa neno la kijinga tungelikataa.

Mama mkwe akauhamishia mfuko wa chumvi chini ya kitanda chake. Dada akaingia ndani. Siku za mwanzo alijikaza, halafu akaanza kunidaka mkono kila nikimpelekea uji.

"Mdogo wangu, nipe hata punje," aliniambia. "Nasikia kama nazama."

Nilikwenda kumwombea. Mama mkwe akanijibu kwa upole kwamba hata wanawali hulia, na wanawali hawafi. Siku iliyofuata nikamkuta dada hajibu. Macho wazi, mikono baridi, mapigo ya moyo nayatafuta siyapati. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Hakumwuliza mama yake lolote. Alikwenda kwa muuza nazi akachukua rukwama lake, tukamlaza dada juu ya mkeka, na shemeji akalisukuma mwenyewe mpaka hospitali ya mjini, mie pembeni nimemtandia kanga asipigwe na jua. Njia nzima watu walikuwa wakitupisha na kuvua kofia, wakidhani tumebeba maiti.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mchovu, mwenye miwani. Alimfunua dada midomo akatazama ufizi, akageuza viganja, akaniuliza swali lililonisisimua: huyu anapenda chumvi? Nilisema anaipenda kuliko chakula. Akaagiza atundikiwe chupa ya maji ya chumvi, yaingie mshipani. Asubuhi nilimkuta dada amekaa, ananiuliza kama kuku wamefunguliwa. Nilimtazama yeye, nikaitazama ile chupa, nikatamani kumpigia daktari magoti.

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, lakini alitueleza vizuri. Juu ya kila figo, alisema, pana tezi ndogo, mfano wa kofia. Tezi hizo ndizo zinazoshikilia chumvi mwilini isipotee kwa mkojo. Ndizo pia zinazotoa nguvu ya hofu. Ukikurupushwa na nyoka, moyo ukadunda na miguu ikapata mbio usizozijua, kazi hiyo imefanywa na tezi zile. Ukiugua homa, ukifiwa, ukikosa usingizi kwa fikira, ndizo zinazokuinua usianguke. Tezi za dada zilikuwa zimeliwa. Aliuliza kama aliwahi kukohoa muda mrefu, nikakumbuka alivyokohoa mwaka mzima tukiwa wasichana. Alisema huenda kifua kikuu cha wakati ule ndicho kilichoshukia huko. Weusi, kutapika, siku kukatika, vyote mzizi wake mmoja. Na ile chumvi aliyokuwa akilamba ndiyo iliyokuwa imemweka hai miezi yote.

"Mimba hakuna," alimalizia, dada akiwa palepale anamsikia. "Na haikuwako."

Dada aligeukia ukutani. Shemeji alimshika mguu juu ya shuka, hakumwachia mpaka tulipofukuzwa wodini.

Tulirudi na masharti. Anywe maji ya chumvi na sukari asubuhi na mchana, maisha yake yote. Asitishwe, asihangaishwe. Akishikwa na homa yoyote, hata mafua, aletwe siku hiyohiyo. Ipo dawa mpya Ulaya, daktari alisema, ataiandikia iletwe, lakini asingeweza kutuahidi meli wala mwezi. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha dada mpaka siku hiyo. Niliibeba kazi ile kama amana. Kila asubuhi nilitwanga chumvi, nikaikoroga ndani ya kopo la bati, nikasimama mbele yake mpaka anywe. Uso ukaanza kurudi. Alifua kanga zake mwenyewe. Nilianza hata kumtania tena.

Mama mkwe hakubishana na daktari. Angebishana ningepata pa kumkamata. Alikuwa akija alasiri na ukili wake wa kusuka, anakaa mkekani karibu na dada, anasimulia habari za wanawake ambao watoto wao walikaa mgongoni masika mawili wakazaliwa na meno. Sauti yake tamu, mkono unasuka. Katikati ya hadithi, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akataja kwamba ametuma watu Mbagala kwa wazee wa binti fulani, kuulizia tu, kuuliza si kuoa. Shemeji alipopata habari alikataa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. Lakini dada alikuwa amekwishasikia.

Baada ya hapo akaniomba nisimsimamie akinywa. Alisema maji yale yanamkaba akiangaliwa, niweke kopo dirishani, atakunywa kidogo kidogo. Kopo lilirudi tupu kila siku, na mie nikamshukuru Mungu. Chini ya dirisha lile palikuwa na mpapai mchanga. Majani yake yakaanza kuwa ya manjano, yakapukutika, na mie nikamgombeza mama mkwe kwamba anamwaga hapo maji ya sabuni. Tukanuniana. Mbuzi wa jirani nao walikuwa hawabanduki pale, wanalamba ardhi. Niliwafukuza kwa ufagio asubuhi na jioni. Akili yangu ilitosha kufukuza mbuzi tu.

Mchana mmoja nilikuwa namsuka nywele. Rangi ilikuwa imeiva tena, na mabega yamechongoka. Akaushika mkono wangu akauweka tumboni mwake.

"Leo amecheza," alisema.

Nilipapasa nikakuta mifupa. Nikamkumbusha, kwa upole kadiri nilivyoweza, maneno ya daktari. Alitabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Daktari alitazama tumbo. Mgongo hakuutazama."

Kipupwe kilikuja na mafua. Nilianza mie, nikalala siku mbili, nikatoka jasho nikainuka. Akafuata mama mkwe, naye akainuka anataka chai ya tangawizi. Dada aliamka nayo asubuhi, mwili unawaka, na shemeji akatoka mbio kwenda kuazima rukwama. Nilimpa maji ya chumvi, hayakupita kooni. Nilimwita jina lake la utotoni. Mwili wake ulikuwa unaita ile nguvu aliyotueleza daktari, inayomwinua kila mtu, iliyoniinua mie juzi yake, na hapakuwa na wa kuitika. Shemeji alirudi na rukwama tukiwa tumekwisha kumfunika.

Siku ya tatu ya matanga nilizunguka nyuma kufagia. Mpapai ulikuwa kijiti kikavu. Mbuzi walikuwa pale, watatu, vichwa chini, wanalamba. Nikawasukuma, nikainama. Ardhi chini ya dirisha ilikuwa imefanya ukoko mweupe, na ukutani palikuwa na michirizi myeupe vilevile, kutoka dirishani mpaka chini. Niligusa kwa kidole, nikaonja.

Nilipoinua kichwa mama mkwe alikuwa dirishani, anakunja mkeka wa dada. Aliniuliza nakula nini.

"Chumvi, mama," nilimwambia. "Alikuwa anaimwaga."

Aliinama dirishani akautazama ule ukuta.

"Basi alishika mwiko," alisema, kwa sauti ya chini, kama anayemsifu mtoto mtiifu. Halafu akajifunika uso kwa ule mkeka akalia, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya maziko.

Nilitaka kumtukana. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyaweka tangu siku ile ya Mbagala. Lakini alikuwa analia kweli, na mie kweli nilikuwa nimemchukia, na vyote viwili havikumrudisha dada yangu. Nikaokota ufagio nikamaliza uwanja. Mbuzi walirudi kesho yake na siku zilizofuata, na sikuwafukuza tena, mpaka mvua za vuli zilipoiosha ile ardhi.