Uso wa Mama Makao Makuu

Mama alikubali kuja kututembelea makao makuu kwa sharti moja: arudishwe kijijini Mnyambe kabla watu hawajaanza kupulizia mikorosho salfa. Nilimwahidi, nikapanda gari mpaka Newala kumfuata mwenyewe. Nimekaa Dodoma miaka kumi na tisa nikifunga nyaya za umeme kwenye majengo ya serikali, na ni maghorofa machache huku ambayo sijapanda ngazi zake na mkoba wa spana begani. Nilitaka mama ayaone. Mimi ni mtu wa kujisifu, sikatai. Mke wangu husema nikishawasha taa moja ya barazani natembea siku nzima utadhani jua nimelitundika mimi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha raha tangu nikate tiketi. Mama yangu ana nembo usoni. Ni miongoni mwa wasichana wa mwisho mwisho kuchanjwa chale kule kwetu: mistari ya kona kona imepangana kwenye mashavu yote mawili, mingine imeshuka katikati ya paji la uso, na juu ya mdomo kuna kitundu kidogo kilichobaki tangu alipovua ndonya, kile kipande cha mti cha mdomoni, kabla mimi sijazaliwa. Akiwa Mnyambe anakwenda kisimani, shambani na msibani na uso wake wazi, wala hakuna anayeugeukia. Akishuka mlima tu, hata kama ni kwenda Masasi hospitali, anajitanda kanga akabakiza macho.

Aliyemfunika ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Masasi, na mama alishuka na lori la makopa ya mihogo kuniletea korosho za kukaanga. Alisimama getini na kikapu chake, ametulia, anatabasamu. Wenzangu wa bweni walikuwa wametoka mikoa mingine na hawajawahi kuona uso wa namna ile. Mmoja akaniuliza, "Yule ni nani wako?" Nikamjibu kwamba ni bibi mmoja jirani yetu, ametumwa tu na nyumbani. Mama alikuwa hatua tano hivi kutoka tuliposimama. Nilipokea kikapu, nikamsindikiza haraka mpaka barabarani, na sikujua kama alisikia. Alipokuja tena siku ya kufunga shule alikuwa amejitanda kanga. Hatukuwahi kulizungumza, na sasa imepita miaka zaidi ya thelathini.

Hivyo safari hii, nilipomwambia mke wangu kwamba nakwenda kumtembeza mama aone mji, nilimweleza nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka mji umwone mama. Nilitaka tutembee mimi na yeye bega kwa bega, uso wake wazi, mbele za watu. Namna ya kumwambia ndiyo iliyonishinda. Kutoka Newala mpaka Masasi nilitafuta maneno. Kutoka Masasi mpaka Dar es Salaam nikaendelea kuyatafuta, na nilipoyapata yeye alikuwa amelala.

Kwenye treni ya umeme alifurahi kweli. Aliweka kikombe cha chai juu ya meza ndogo, akakikodolea macho, akisubiri kitikisike. Chai ilipoanza kupoa bila kumwagika alikubali kwamba hiyo ni treni. Kila alipokunywa aliinua pindo la kanga kidogo, kisha akalirudisha.

Siku ya kwanza nilimpeleka stesheni ya zamani, ile ya Wajerumani, ili aione na mpya aliyoshukia jana yake. Aliuliza kama walioijenga ndio wale wale waliowapiga mababu zetu kule kusini. Nikamwambia ndio hao. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema watu walikuwa wabaya lakini kazi yao nzuri. Kisha nikampeleka kwenye yale mawe makubwa pembezoni mwa mji, ambako watu hupanda kupiga picha jua likizama. Hapo nilitegemea kusifiwa kidogo. Mama aliyaangalia mikono ikiwa mgongoni, akaniuliza kama sijawahi kupita Masasi. Nikajua yanayokuja. Alisema Masasi kuna mawe yenye mawingu yake yenyewe, watu wanaanika mihogo chini yake bila hata kuinua macho, na mimi nimemsafirisha siku mbili kuja kushangaa kokoto. Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu ni kweli. Ukitoka mahali penye mawe ya Masasi na lile korongo la Newala, ambalo ukisimama ukingoni unaona nchi mpaka Mto Ruvuma, huwezi kushtuliwa hovyo.

Siku ya pili nilimpeleka kwenye mji wa serikali. Huko ndiko nilikokuwa nimetunza silaha zangu. Majengo ya vioo, barabara pana, miti imepandwa kwa mstari. Nikamwonyesha orofa ambazo taa zake za ngazi nilizifunga mimi na wenzangu. Alihesabu madirisha, akauliza nani anayapangusa kwa nje. Mbele ya jengo moja kulikuwa na bwawa dogo lenye maji ya kuruka juu na kurudi, na hapo mama aligoma kuondoka. Mwanamke aliyekulia Uwanda wa Makonde, aliyeamka alfajiri kushuka bondeni kuchota na kupanda tena na mtungi kichwani, si rahisi kumweleza kwamba maji yanarushwa ili yapendeze. Aliuliza kama yananyweka. Nikamwambia hapana, ni ya kuangalia tu, na yale yale yanazunguka. Akakaa ukingoni pale kwa muda mrefu, akichovya vidole.

Nilitaka aingie ndani ya jengo aone ngazi na taa zangu. Nilikuwa nimeomba ruhusa wiki nzima kabla. Mlangoni dada wa ulinzi akamwamkia vizuri, kisha akamwomba kwa adabu afunue uso kidogo, ndio utaratibu. Mama akashika kanga kwa mikono miwili. Akaniambia kwa Kimakonde kwamba jengo hilo linaonekana vizuri hata kwa nje, akageuka. Nilimfuata nimevimba kwa hasira, na nilipofika kwenye miti nikagundua kwamba sina wa kumkasirikia. Dada alifanya kazi yake. Mama alikuwa anafanya nilichomfundisha mimi.

Siku ya tatu ilikuwa ya nyumba ya makumbusho. Ni nyumba ndogo, si maarufu, jina lake nitaliacha. Tulipokelewa na mama mmoja mtembezaji, Mgogo, mchangamfu, aliyempa mama shikamoo huku amepiga goti kidogo. Akatuonyesha ngoma, mikuki, vigoda. Nilipomwambia tunatoka kusini, akafungua mlango wa chumba cha pili akisema hapa ndipo penye vitu vya kwenu, nami nikatangulia kifua mbele kama mwenye nyumba.

Kosa nililofanya hapo, mtu wa kabila jingine asingelaumiwa kwalo, kwa maana asingepaswa kujua. Katikati ya chumba, ndani ya sanduku la kioo, palikuwa na lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani ambacho kwetu hucheza ngoma. Kilikuwa kimewekwa peke yake juu ya kijiti, kitupu, bila mchezaji. Kwetu mwanamke huliona lipiko likicheza tu. Likiwa limelala halimhusu, na mwanamume aliyepita jandoni hathubutu kumwonyesha, sembuse mama yake mzazi. Mimi nimepita jando. Nilijua. Nilikuwa nimejisahau kwa majivuno yangu, nikamshika mama mkono na kumsimamisha mbele yake.

Mama hakupiga kelele. Aligeuka tu, akalipa lipiko mgongo, akabaki amesimama akitazama ukuta. Mtembezaji akaniuliza kama bibi anajisikia vibaya. Nilimweleza kwa kifupi, uso umeniwaka, na yule mama mstaarabu akavua mtandio wake akautandaza juu ya sanduku. Lakini mama hakugeuka tena. Pale ukutani palikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na kitu alichokuwa anakitazama.

Kilikuwa mtungi wa udongo, rangi ya kahawia iliyoiva, shingo nyembamba, na kuzunguka mabega yake mistari ya kona kona. Chini yake palikuwa na kikaratasi. Mama alijifunza kusoma ukubwani, enzi za elimu ya watu wazima, na mpaka leo husoma kwa sauti, kidole kikifuata. Akasoma: "Chungu cha kupikia. Kusini. Mfinyanzi hajulikani."

Alirudia mstari wa kwanza. Kisha akamuuliza mtembezaji, kwa Kiswahili chake cha polepole, ni nani aliyewahi kupikia humo. Mtembezaji akasema walivikuta hivyo, kikaratasi kiliandikwa zamani. Mama akamwambia mwiko haupiti hiyo shingo. Huu ni mtungi wa maji, shingo imebanwa ili maji yasiruke wakati wa kupanda mlima, na juu yake unaweka majani mabichi yayatulize. Na hakuna masizi chini. Kama wangeutazama chini wangejua. Mtembezaji akautazama chini, na kweli hakukuwa na masizi.

"Na hajulikani kivipi," mama akasema, "wakati ameandika?"

Tukamtazama wote wawili. Nilidhani anasema juu ya kikaratasi. Akashika pindo la kanga yake, akalivuta chini mpaka shingoni, akasogea karibu na rafu, shavu likielekea mtungi. Sijui niseme nini zaidi ya nilichokiona. Mistari ilikuwa ile ile. Kona kwa kona, mitatu mitatu, na katikati nafasi iliyoachwa wazi, kwenye udongo na kwenye shavu la mama yangu. Nimekua naye, nimelala mgongoni kwake, na sikuwahi kujua kwamba kile ni kitu kinachosomeka.

Akatueleza huku akigusa shavu, kisha akielekeza kidole kwenye mtungi. Kila upande wa Uwanda ulikuwa na mistari yake. Waliofinyanga waliweka kwenye udongo walichowekewa usoni, ili mitungi ikijipanga kisimani kila mmoja ajue wa kwake na wa kwao. Nafasi ile ya wazi ni ya watu wa upande wa Mnyambe.

"Jina lake silijui," akasema. "Ila alikochota maji nakujua."

Nilijisikia fahari ambayo taa zangu zote hazijawahi kunipa. Mtembezaji alitoka mbio, akarudi na mkuu wake, mwanamume mnene mwenye miwani na daftari. Akamwamkia mama. Akamwomba kama angependa kurudia yale maelezo taratibu, ayaandike. Mama akarudia yote, mkono kiunoni, bila haraka, akimsahihisha kila alipoandika kwa kifupi. Watu wengine watatu waliokuwa wakizunguka vyumbani wakaja kusikiliza. Walimtazama usoni, waziwazi, jinsi mtu anavyotazama ukurasa, na yeye hakuigusa kanga.

Mkuu alipomaliza alinisogelea, akainamisha kichwa, akaniuliza chini chini ili asimkatize mama aliyekuwa bado anazungumza na wale wageni.

"Huyu ni nani wako?"

Getini Masasi niliulizwa maneno hayo hayo. Safari hii nilijibu, na sikujua sauti itatoka kubwa kiasi kile mpaka watu wakanigeukia.

"Ni mama yangu. Mama yangu mzazi."

Mama hakugeuza kichwa. Alikuwa anamwonyesha mgeni mmoja pale majani yanapowekwa. Alimaliza kwanza alichokuwa akisema, akapangusa vumbi kwenye rafu kwa kiganja, ndipo akaniambia kwa Kimakonde, bila ukali wowote:

"Siku ile getini sauti yako haikufika hata nusu ya hiyo. Lakini nilikusikia."

Nilimwambia anisamehe, nikiwa na miaka hamsini na kitu, mbele ya mkuu na wageni ambao hawakuelewa lugha, na machozi yananitoka. Akanishika mkono, akasema kazi ya mkuu bado haijaisha, nisimharibie. Mkuu akachana karatasi safi akaanza kuandika upya: mtungi wa maji, Mnyambe, Uwanda wa Makonde. Mama alisimama nyuma ya bega lake, akisoma kwa sauti neno moja moja, mpaka akaridhika.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa watu. Kanga ilikuwa mabegani. Nilimuuliza tuelekee wapi sasa, akasema turudi kwenye lile jengo la vioo akaone hizo ngazi zangu, na yule dada wa mlangoni akitaka kuuona uso, auone.