Panya Aliyeamka

Mama alikubali kupasuliwa kwa sababu yangu. Kwa miezi alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na bado alisimama kutwa akisukuma chapati katika kihoteli chake mtaani Kabalagala. Kila daktari alipotaja kisu, yeye alitaja wateja. Mimi nilikuwa kidato cha sita, nasoma baiolojia, na katika familia yetu ya Wakenya waliohamia Kampala hiyo ilitosha kunifanya daktari. Basi nikamwambia, kwa ujuzi wote wa mtu aliyesoma kurasa mbili, "Mama, utapewa dawa, utalala tu. Hutasikia kitu." Akaniamini, akakubali kupangiwa siku.

Siku moja kabla yake, shuleni tulikuwa na somo la kupasua panya.

Niliogopa tangu mlangoni. Klorofomu ina harufu tamutamu inayokwama kooni. Msaidizi wa maabara alikuwa amewatumbukiza panya weupe kwenye ndoo yenye pamba iliyolowa dawa, akafunika, na sasa alikuwa anatugawia akiwashika mkia, mbiombio, maana darasa jingine lilishapanga foleni nje. Wangu bado alikuwa na joto. Nikamlaza chali kwenye sinia lenye nta, nikamchoma pini viganjani. Viganja vya panya vina vidole, tena vyenye kucha. Hakuna aliyenionya kuhusu hilo.

"Huyu amekufa kweli?" nilimuuliza msaidizi.

Alijua mimi Mkenya, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili, kile cha Kampala. "Nyabo, wewe naogopa nini? Hii narara tu. Kata."

Nyabo ni bibi kwa Kiganda; narara, yaani analala. Matamshi hayakunishtua, tangu utotoni nilikuwa nimezoea watu wa hapa kuchanganya l na r. Kilichonishtua ni kwamba alinipa neno lilelile nililompa mama. Kulala gani huku?

Mwalimu alipita nyuma yangu. "Ngozi kwanza. Usiingie ndani sana."

Nikainua ngozi ya tumbo, nikakata. Ilikatika kirahisi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nakaribia kifua niliposimama kuvuta pumzi, na hapo nikaona masharubu yake yakicheza. Nikajidanganya kwamba ni upepo wa dirishani. Kisha kifua kikapanda. Kisha mguu ukavuta pini.

Ningependa kusema nilifanya jambo la maana. Nilisimama tu, mkasi juu, mkojo ukinibana, nikimwona mama. Simaanishi nilimkumbuka. Nilimwona pale kwenye nta, mikono imetandazwa, anasikia kila kitu na hawezi kusema. Mwenzangu wa meza ya pili alicheka, halafu akaangalia vizuri, akaacha.

Mwalimu alikuja bila haraka, akamwekea panya pamba puani na kuishikilia kwa kidole gumba mpaka mguu ukalegea. "Dawa ilikuwa kidogo," alisema. "Hutokea. Endelea."

Hutokea! Nilitaka kumrushia sinia. Nikaendelea kukata, na kila mkato ulienda upande.

Jioni nilimkuta mama amefunga kihoteli mapema, ameshapanga kanga na sabuni kwenye mfuko wa hospitali. Alikuwa mchangamfu mno, na kwake hiyo si dalili nzuri.

"Haya, daktari wangu, leo mmepasua nini?"

"Panya."

"Mlimlaza kwanza?"

"Tulimlaza."

Akakaa kitandani. "Na akaamka?"

Nikisema aliamka, ataanza kukisikia kisu usiku huohuo. Nikisema hakuamka, atajiona yeye asiyeamka, na hiyo ndiyo mbaya kabisa. Nikanyamaza kupita kiasi, na mama amelea watoto watano, hakuna kimya asichokijua.

"Aliamka," akasema mwenyewe.

"Kidogo. Dawa haikutosha. Wakamwongezea."

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Basi kesho uingie nami."

"Hawataniruhusu, mama."

"Sasa mimi ataniangalia nani?"

Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamweleza kwamba kuna daktari wa usingizi, kwamba kazi yake ni kukaa pale kichwani na kumwangalia yeye tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia asiyokusudia kuipita. Usiku kucha nilimwomba Mungu jambo moja, mama alale. Alale fofofo, asisikie hata sauti ya mkasi.

Asubuhi, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mama alimshika mkono daktari wa usingizi.

"Wewe ndiye wa kichwani?"

"Ni mimi, mama."

"Usiende kunywa chai."

"Sitoki, mama," alisema, na hakucheka. Nilimpenda kwa kutocheka.

Wakamsukuma ndani. Mlango haukufungika vizuri. Nilimsikia daktari akimwambia ahesabu polepole, na mama akahesabu kwa sauti yake ya kuwahesabia wateja chapati: moja, mbili, tatu, nne. Tano ilitoka nusu.

Alikuwa amelala, kama nilivyoomba usiku kucha. Nikashika ukuta, nikaanza kumwomba Mungu amwamshe.